Kisahani cha Kulia, Kisahani cha Kushoto

"Chuma kinapita juu ya santuri mpaka inaimba. Sasa santuri yenyewe haiumii?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwetu Iringa, akichambua maharage, mwaka ule niliporudi likizo kutoka chuo kikuu cha Kampala nikiwa na viatu vipya na majibu ya kila kitu. Nilimweleza habari za mitetemo na mawimbi ya hewa. Nilieleza kwa kirefu. Aliponiona nimemaliza akasema, "Haya, nimesikia. Lakini inaumia au haiumii?"

Sikujua. Nikamwambia maharage yake yana mawe mengi, naye akaliacha swali hapo.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Miezi michache kabla ya likizo ile, bwana mmoja alikuja kutoka Nairobi na gari lililojaa mitambo, akajifungia kwenye darasa la shule ya misheni na kurekodi kwaya ya usharika wetu. Upande mmoja wa santuri waliimba wanaume. Upande wa pili waliimba wanawake, na aliyeanzisha, sauti yake peke yake kabla ya wenzake kuingia, alikuwa mama. Santuri zilipokuja, moja ilikwenda kwa mzee wa kanisa aliyekuwa na gramafoni. Nyingine bwana wa mitambo alimpa mama mkononi, bila kumuuliza mtu. Wazee wangepata nafasi ya kukutana na kuamua ni nani anayestahili, isingefika kwetu. Walikuwa watu walioweza kubishana mwaka mzima juu ya rangi ya mlango wa kanisa, na mwisho wakaupaka ile ile ya zamani.

Mama hakuwa na gramafoni. Santuri aliiweka sandukuni katikati ya blanketi mbili, na kila baada ya siku chache aliitoa akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Hakuitaka kwa ajili yake. Aliitaka kwa ajili ya mama yake.

Bibi yangu aliishi Mbeya, kwenye milima juu ya mji, kwa mjomba. Masikio yake yalikuwa yanaziba. Kila msafiri aliyepita kwetu akitokea huko alituambia habari ile ile: sasa ukitaka akusikie lazima upige kelele, sasa hasikii kengele ya kanisa, sasa hasikii mvua. Mama aliolewa mbali akiwa msichana, na tangu siku ile bibi hakuwahi kumsikia akiimba tena. Mwaka ule mguu wa mama ulikuwa umevimba tangu masika, hawezi kukaa kwenye basi la Mbeya, barabara yenyewe makunyanzi matupu kama bati.

"Nipelekee," alisema. "Anisikie kabla hayajaziba kabisa. Sitaki kingine."

Nilikubali mara moja. Tatizo halikuwa safari. Tatizo lilikuwa sindano.

Kwa wasioijua gramafoni ya siku zile: ilikuwa sanduku la kutia ufunguo kama saa, halina umeme, na mkono wake ulishika sindano fupi ya chuma. Sindano hiyo ilichakaa upesi, ilibidi kuibadilisha kila baada ya wimbo mmoja au miwili. Madukani ziliuzwa za aina mbili, nene na nyembamba. Nene ilitoa sauti kubwa, nyembamba ilitoa sauti ndogo. Ni hivyo tu, na mtu mwenye akili angechagua kulingana na ukubwa wa chumba na wingi wa watu.

Usharika wetu haukuchagua hivyo. Kanisani wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, na mzee mwenye gramafoni aliona utaratibu huo ni mzuri mno kuishia kwenye mabenchi. Kila upande wa gramafoni yake aliweka kisahani cha chai. Kisahani cha kulia kilikuwa na sindano nene, za nyimbo za wanaume. Kisahani cha kushoto kilikuwa na sindano nyembamba, za nyimbo za wanawake. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna andiko alilolitaja. Lakini nilipofika likizo jambo lilikuwa limekwisha kuwa sheria, na watu wazima wenye wake na mashamba waliitazama sindano isiyo ya kisahani chake kama wanavyomtazama mwanamume aliyejisahau akakaa kushoto.

Nililiona kwa macho yangu Jumapili ya kwanza. Baada ya ibada gramafoni ilitolewa uani, santuri ya usharika ikawekwa. Wanaume waliimba kwa sindano nene, na sauti ikafika mpaka barabarani. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakapongezana kwa kupigana mabegani. Mzee akageuza santuri, akachomoa sindano nene, akachukua nyembamba kutoka kushoto kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mdudu. Wanawake wakaanza kuimba. Nasema wakaanza kwa sababu niliona santuri inazunguka. Wanaume walikwisha rudi kwenye mazungumzo ya bei ya mahindi. Mama alikuwa amesimama karibu na ukuta, na wimbo ulipokwisha akamuuliza jirani yake, "Tayari?"

Nikamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini wanawake wanapigiwa sindano nyembamba?"

"Marahaba. Ulitaka wapigiwe ipi?"

"Nene. Tusikie."

"Binti, umeshaona mwanamke anapewa shoka?"

"Nawaona wanapasua kuni kila asubuhi."

"Kwa shoka la nani?"

"La mume."

"Basi!" akasema, na uani kote wakaangua kicheko. Hata mama alicheka kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpelekeni chuo kingine huyu, kile cha Kampala hakijamtosha."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kila desturi, hata inayoonekana ya kipuuzi, ina kazi yake katika jamii, na msomi asiidharau kabla hajaijua kazi hiyo. Waliotufundisha walikuwa hawajafika uani kwetu. Mimi kazi ya visahani vile niliijua siku ile ile, na nikaidharau kwa nafsi tulivu.

Kesho yake nikaenda kununua sindano zangu mwenyewe. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja karibu na soko, mwembamba, mpole, miwani imefungwa uzi. Vikopo vya sindano alivipanga kwenye rafu moja, na nilipovitazama nikacheka kwa uchungu: vya nene kulia, vya nyembamba kushoto.

"Nataka sindano za gramafoni."

"Wimbo wa nani, dada? Wanaume au wanawake?"

"Na wewe pia?"

"Mimi nini?"

"Nawe unaamini upuuzi huu?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Dada, zamani mtu alinunua kikopo kimoja. Sasa ananunua viwili. Kwa nini nisiamini?"

Angalau yeye alikuwa mkweli. Kwa mwenye duka, ujinga wa wateja ni bidhaa kama sabuni. Anachotaka ni usiishe tu. Nikamuuliza tofauti hasa ya sindano zile ni nini.

"Hii sauti kubwa. Hii sauti ndogo."

"Na zaidi ya hapo?"

"Zaidi ya hapo zote ni sindano. Lakini kama unataka kitu kizuri, nina hii mpya, ncha yake yakuti. Hubadilishi. Mwaka mzima inapiga."

Aliifungua kutoka kwenye karatasi laini na kunionyesha kama mtu anayeonyesha pete ya posa. Sikuiamini. Kitu kinachoahidi mwaka mzima kwa ncha ndogo kama punje ya chumvi kilinikumbusha mahubiri. Nikachukua kikopo cha nene.

"Hii ya wanaume, dada."

"Ni ya masikio."

"Sawa, ya masikio," akasema, akakifunga kwenye kipande cha gazeti. "Ukitaka ya wanawake, rudi."

Niliondoka na basi la alfajiri. Santuri niliifunga kwenye blanketi nikaipakata kama mtoto mgonjwa, na mama mmoja aliyekuwa na gunia la mchele wa Usangu aliniuliza mara mbili kwa nini mtoto halii. Makambako tulishuka kuota moto kwenye kibanda cha chai. Kutoka pale mpaka Chimala vumbi lilikuwa limekuwa sehemu ya mwili wangu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mjomba endapo angeuliza habari za sindano, kisha nikajiambia nisijisumbue, kwa kuwa ujinga ule ulikuwa wa Iringa peke yake. Mbeya hawakuwa na sababu ya kuujua.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa viazi na pareto, mtu mkubwa, mkarimu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Gramafoni yake aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu Chunya akashindwa, akauza kila kitu hadi kitanda. Aliponiingiza sebuleni kunionyesha, niliiona imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, inang'aa kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Kulia kwake kulikuwa na kisahani cha bluu. Kushoto kulikuwa na kisahani chenye maua.

"Mjomba," nikasema, "hivi umevitoa wapi?"

"Kwenu! Nilipokuja ubatizo wa mdogo wako. Nikaona wenzetu wa Iringa wana utaratibu." Akatabasamu. "Huku tulikuwa tunapiga ovyo tu, mpwa wangu. Sindano yoyote. Kama wanyama."

Alikuwa ameubeba kutoka Iringa kama mtu anayebeba mbegu nzuri, akaupanda, na majirani zake wote wenye gramafoni walikuwa wamekwisha kuuvuna. Mtu akileta mbolea ya kuongeza viazi, watamuuliza maswali miaka mitatu. Akileta upuuzi, wanaupokea kabla hajavua kofia.

Mchana wa siku ya pili majirani walikuja kumsikia dada wa mjomba aliyeingia kwenye santuri. Walijaa sebuleni na wengine wakabaki barazani. Bibi aliletwa akakalishwa kwenye kigoda karibu na mlango, amejifunga blanketi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia kwa kupiga kelele sikioni. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Mama yako yuko wapi?"

"Mguu, bibi! Hakuweza kuja! Ameleta sauti!"

"Ameleta nini?"

"Sauti!"

Akawageukia watu. "Anasema mama yake ameleta sahani?" Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, kwa vile wenzake walikuwa wanacheka, na nikaona kwa mara ya kwanza alivyokuwa akiishi.

Mjomba alianza na upande wa wanaume, kwa heshima, alisema. Sindano nene kutoka kisahani cha bluu. Sebule ikatetemeka. Bibi akakunja uso na kuuliza, "Nani hao wanagombana?"

Kisha akageuza santuri, na mkono wake ukaenda kushoto. Nikasimama, nikatoa kikopo changu kwenye mkoba.

"Mjomba, huu upigie na hii."

Akaitazama sindano. "Hii nene."

"Ndiyo. Bibi hasikii."

"Lakini ni wimbo wa wanawake."

"Ni wimbo wa mwanawe. Nimetumwa kutoka Iringa ausikie. Ukiweka nyembamba hasikii kitu."

"Mpwa wangu, majirani wapo."

"Majirani wanasikia. Wao waweke pamba masikioni."

Barazani mtu akapiga mluzi. Jirani mmoja akasema, "Ee, msomi huyo! Umeoa nyumba gani wewe utawale gramafoni ya watu?" Mwingine akasema, "Mwache aweke, kisha tumvalishe na suruali." Mjomba hakuwa mtu mbaya, na pengine tungekuwa peke yetu angekubali. Lakini mbele ya watu kumi na mbili waliomwiga visahani, hakuweza kukosea kisahani. Niliiona aibu ikimpanda shingoni. Akasema taratibu, "Gramafoni ni yangu," akachomeka sindano nyembamba.

Nikamwambia ni mwoga. Nilisema hivyo, kwa mjomba wangu, nyumbani kwake, na sebule nzima ikasema "Aaa!" kwa pamoja, kisha wote wakaanza kuzungumza: juu ya wasichana wa shule, juu ya Kampala, juu ya baba yangu aliyeniachia nifanye nitakavyo. Chini ya kelele zile santuri ilikuwa imeanza kuzunguka. Mama alikuwa tayari anaimba. Hakuna aliyekuwa anamsikia, hata mimi, na sikujua nikirudi Iringa nitamwambia nini.

Bibi alikuwa anatazama midomo ya watu. Akatazama santuri inayozunguka. Akanitazama mimi, nadhani nilikuwa nalia. Akainuka kwenye kigoda, akawapita watu akiwasukuma kwa kiwiko, akafika kwenye gramafoni, akainama na kuingiza kichwa chini ya kifuniko, sikio karibu na santuri.

"Mama, utaivunja!" mjomba akapiga kelele.

"Nyamaza," bibi akasema bila kuinua kichwa. "Nyamazeni wote. Mnapiga kelele kama mnauza mbuzi."

Wakanyamaza. Sijawahi, kabla ya hapo wala baadaye, kuona sebule ya wanaume ikinyamaza kwa ajili ya wimbo wa wanawake, na hawakunyamaza kwa ajili ya wimbo. Walinyamaza kwa kumwogopa bibi kizee. Lakini walinyamaza. Nje hata kuku tuliwasikia. Na ndani ya ukimya ule sindano nyembamba ilitosha, kwangu na kwao; kwa bibi, sikujua.

Wimbo ulikwisha. Bibi akabaki ameinama.

"Rudia."

Mjomba akatia ufunguo, akabadilisha sindano, nyembamba tena, na safari hii hakuna aliyetoa neno. Mama akaanza peke yake, kisha wenzake wakaingia.

"Amechelewa kuanza," bibi akasema kutoka chini ya kifuniko. "Alikuwa hivyo hivyo. Kuamka anachelewa, kuimba anachelewa. Rudia."

Ukarudiwa mpaka mkono wa mjomba ukachoka kukaza ufunguo, akapokewa na jirani, yule yule wa suruali. Kisahani chenye maua kikaishiwa sindano. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, wakitoka kwa ncha za vidole kama kanisani. Mwisho bibi akainua kichwa, alama ya ukingo wa sanduku imebaki kwenye shavu lake, akasema, "Hii inabaki hapa kwangu. Mwambie mama yako mguu ukipona aje achukue mwenyewe."

Nilimpelekea mama habari hizo. Alitaka nirudie lile la kuchelewa, nikarudia, akaficha uso kwenye khanga akicheka. Mguu ulipona, alikwenda Mbeya, na hakuichukua santuri. Iliendelea kupigwa pale miaka na miaka, hata bibi alipokwisha kufa: harusi, Krismasi, wageni wakija, pande zote mbili, daima kwa visahani viwili. Mjomba hakubadilika. Mimi na yeye tulisalimiana vizuri hadi mwisho wake na hatukuzungumzia sindano tena.

Watoto wake waliniletea santuri hiyo nikiwa mzee, mama naye amekwisha kututoka, gramafoni yenyewe imegeuzwa sanduku la kutagia kuku. Nilimpelekea kijana mmoja mjini anayehamisha nyimbo za santuri kwenye kompyuta. Aliiinamisha chini ya taa, akageuza, akageuza tena, kisha akapiga upande wa wanaume. Ulikuwa kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Mahali fulani nyuma ya mafuta hayo palikuwa na watu, huwezi kusema ni wangapi. Akageuza. Mama akaanza, amechelewa kidogo, peke yake, safi kabisa, nikasikia mpaka pumzi aliyovuta kabla ya wenzake kuingia.

Kijana akaniuliza upande huu ulikuwa haupigwi? Nikamwambia ulipigwa kuliko ule. Akashangaa, akauliza ni nani aliyekuwa anachagua sindano, maana huyo mtu alijua kazi. Nikamwambia hapana, hakujua, hakuna hata mmoja wao aliyejua, na kama wangejua wangehamisha visahani siku hiyo hiyo. Ndipo akanieleza, kwa maneno machache, kile ambacho mama aliniuliza jikoni: inaumia. Sindano nyembamba hujipinda kidogo inapopita, ikaiacha mifereji ya santuri, mle sauti inamokaa, kama ilivyokuwa. Nene haijipindi, kwa hiyo kinachokwisha ni santuri.